Nusu ya Bwege

Jumatano, siku ya tisa tangu wamzike mkewe, Kishindo alikwenda redioni. Hakwenda kufanya kazi. Alikwenda kuuliza swali moja.

Getini mlinzi alisimama, akavua kofia.

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimeshapoa," alijibu Kishindo, kama watu wanavyojibu. Hakuwa amepoa popote.

Redioni hakuna aliyelijua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Kishindo kwa sababu vishindo ndiyo kazi yake. Kulikuwa na kipindi kinaitwa Mbona Hivyo, kila Jumamosi saa nne asubuhi, cha sayansi na vichekesho, na kilikwenda hewani papo hapo, neno likitoka limetoka. Walikuwa watu wawili wanaobishana. Mmoja Bwege, mwingine Profesa. Bwege anauliza mbona barafu haizami, mbona paka akianguka anafikia miguu. Kisha anajijibu mwenyewe, upumbavu mtupu. Profesa anamkemea kwa sauti ya kupasua ukuta, halafu anaeleza jambo lenyewe lilivyo. Watu majumbani wanacheka, na katika kucheka wanajifunza.

Kishindo alikuwa wa tatu, asiyesema. Ikitajwa radi, anatikisa bati. Ukitajwa mfupa, anavunja bua kavu karibu na maikrofoni. Moyo ulikuwa mkoba mkuukuu wa ngozi, anaubonyeza na kuuachia. Vijidudu vikiingia mwilini, anapitisha ukucha kwenye meno ya kitana, na nchi nzima inajikuna. Mwanzo alikuwa fundi bati, wa ndoo na makarai. Siku moja watu wa redio walikuja kununua bati la kutikisa. Akawaonyesha linavyotikiswa. Wakalichukua bati, na mwenye bati pia. Ikawa miaka kumi na mmoja.

Shule hakuikanyaga. Alikua anachunga wadogo zake, kisha akachunga makaa ya fundi mwingine, kisha makaa yake. Kusoma alijua namba tu, za vipimo. Kwa hiyo ile Jumamosi ya kwanza, alipokaa na vyombo vyake sakafuni na kusikia mtu mzima akieleza mbona kitunguu kinaliza watu, alihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alifika nyumbani anatembea haraka.

"Mama," alimwambia mkewe, "unajua kitunguu kinakulizaje?"

"Kinanilizaje?"

"Kina sumu inaruka. Sasa wewe uma kijiti cha kiberiti mdomoni. Ile sumu inakwenda kwenye kijiti, inakuacha."

Mkewe alimtazama. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha kushika mlango. Akachukua kijiti, akakiuma, akakata kitunguu.

"Haya, mwalimu," alisema, kijiti kikicheza mdomoni. "Na Jumamosi ijayo utanifundisha nini?"

Mwalimu. Kishindo hakuwahi kuitwa hivyo na mtu. Aliinama afungue kamba za viatu, uso usionekane.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alirudi na somo. Radi inaogopa mpira, kwa hiyo mvua ikinyesha wote wavae ndala hata ndani ya nyumba. Chumvi inazuia jasho. Ukipiga miayo, ni ubongo umeishiwa upepo, fungua dirisha. Mkewe alisikiliza yote, akafuata yote, akacheka kwa yote. Mara moja tu aliuliza, "Na Profesa alisemaje?"

"Profesa?" Kishindo alitoa sauti ya dharau. "Yule ana koo tu, mama. Hata fomu anajaziwa."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Basi hapa ndipo kosa lilipokaa, miaka kumi na mmoja, limejikunja kama paka, na hakuna aliyelikanyaga. Sauti ya Profesa ilikuwa kubwa mno. Wakimweka chumba kimoja na wenzake, anaingia kwenye maikrofoni zote. Kwa hiyo walimtenga kwenye kijumba cha kioo, peke yake. Wengine walimsikia kwa hedifoni. Kishindo hakuvaa hedifoni. Alisema ukivaa yale mabakuli masikioni, ndoo yako inakuwa ndoo ya mtu mwingine, huisikii. Alimtazama Bwege kidole tu. Bwege akiinua kidole, bati. Akikishusha, kimya. Kwa hiyo kila Jumamosi alimsikia Bwege vizuri, hatua mbili kutoka alipo, na Profesa alimwona akifungua na kufunga mdomo nyuma ya kioo kama samaki.

Wala Kishindo hakuwa mjinga. Aliwajua wote wawili nje ya chumba. Bwege ndiye aliyefika chuo kikuu. Alifundisha kemia kabla ya kuja redioni. Maneno yote ya kipindi aliyaandika yeye. Mtu akiwa na barua ngumu, anampelekea Bwege. Profesa alikuwa mnadi, wa minada ya viti na makabati, na mpaka leo Bwege humsomea karatasi yake naye anaikariri. Kishindo alipima, akaona: kichekesho chenyewe ni hicho. Msomi wamemwita Bwege, na mnadi wamempa uprofesa. Watu wanacheka kwa kuwa majina yamegeuzwa. Yeye alimfuata mwenye elimu.

Siku ile ya Jumatano alimkuta Bwege peke yake chumbani, miwani ameipandisha kwenye kipaji, anaandika.

"Mzee Kishindo! Si tulikuambia upumzike mwezi mzima?"

"Nina swali."

"Kaa kwanza, baba. Nikuletee chai."

"Nimekaa siku tisa."

Bwege aliweka kalamu. "Haya. Uliza."

"Yale ya miguu ulisoma wapi?"

"Miguu ipi?"

"Mtu akivimba miguu, aiinue juu. Dunia inavuta maji chini. Ukiinua miguu, dunia inashindwa, maji yanarudi yalikotoka."

Bwege akatabasamu. "Ah, ile! Ile niliitunga nikiwa naoga. Ilikuwa kali, eh? Profesa nusura acheke hewani."

"Uliitunga."

"Natunga zote, mzee. Upumbavu wa Bwege unahitaji akili, usione hivi. Kwani wewe..."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, limesahauliwa na mwenyewe, kisha likaondoka.

"Mzee. Mama amefariki na nini?"

"Moyo," alisema Kishindo. "Na maji."

Akamweleza, kwa maneno machache kama kawaida yake. Miguu ya mkewe ilianza kuvimba. Viatu vikakataa. Akawa akipanda vizingiti viwili vya mlango anasimama avute pumzi. Kishindo hakubabaika, sayansi ya jambo hilo alikuwa nayo. Alichukua mbao, akachonga kibao cha mteremko, akakipiga randa kisimchome, akakifunika blanketi. Mke akalala, miguu juu, kichwa chini. Wiki tatu. Mwisho akawa anapumua kama mtu anayenywa. Ndipo majirani walipombeba. Hospitalini daktari, mama wa makamo, aliuliza ni nani aliyemlaza miguu juu. Kishindo akasema, "Mimi. Ni sayansi." Daktari alimtazama. Aliinamisha kichwa akaandika, akaandika sana. Asubuhi wakaambiwa.

"Ule mtazamo," alisema Kishindo. "Ndio umenileta."

Bwege alikuwa amevua miwani. Alikuwa anaifuta kwa shati, ingawa ilikuwa safi.

"Lakini mzee, mimi naitwa Bwege."

"Na yule anaitwa Profesa, na wewe ndiye unamsomea barua zake."

"Hukumsikia alivyonijibu?"

"Nimsikie wapi? Nyuma ya kioo?"

Bwege aligeukia meza. Alifungua kompyuta, akatafuta kipindi kile. Akampa hedifoni. Kishindo akazivaa kwa mara ya kwanza. Zilikuwa na joto la masikio ya mtu mwingine.

Alimsikia Bwege. Miguu, dunia, maji yarudi yalikotoka. Kisha ikaja sauti ya Profesa, karibu mno, kama imo ndani ya kichwa chake.

"Bwege wee! Yarudi yalikotoka, wapi? Yatakwenda kifuani, kwenye mapafu, mtu azame yuko kitandani! Sikilizeni, ndugu zangu. Miguu yote miwili ikivimba na pumzi ikawa fupi, huo ni moyo umechoka. Asiinue miguu. Ainuke yeye, aende hospitali, siku hiyo hiyo!"

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na maji. Maji yakimiminwa kutoka kwenye kopo kwenda kwenye karai, taratibu, na mtu anayejua kumimina. Kishindo aliyatambua. Siku ile alisifiwa kwa maji yale.

Akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa adabu.

"Nirudie, mzee?"

"Imetosha."

Alisimama. Bwege naye akasimama, akaja mbele ya mlango. Hakuwa anamzuia. Hakujua asimame wapi.

"Mzee wangu, nisikilize. Mkeo alikuwa anafungua redio Jumamosi?"

"Sijui. Mimi Jumamosi niko hapa."

"Kama alifungua, alimsikia Profesa. Kama hakufungua..." Alishika kitasa cha mlango. "Kama hakufungua, basi yaliyomfikia ni ya kwangu peke yake. Nami nitakifunga kipindi hiki kwa mkono wangu. Nakuapia. Niulizie, baba. Ukijua uniambie."

Kishindo alirudi kwa miguu. Njiani alijaribu kukumbuka kama aliwahi kuikuta redio ina joto Jumamosi mchana. Mtu anaishi na mtu miaka arobaini na mbili, anajua kikohozi chake, anajua anavyofunga mlango, halafu hilo halijui.

Binti yao alikuwa bado hapo nyumbani. Jumamosi nyingi alikuja kumtembelea mama yake, na mama alipozidiwa akahamia, na kazi yake ya kufua na kupiga pasi aliiacha kwa mwenzake. Alikuwa kitandani kwa mama yake, ametandaza nguo za marehemu, anazikunja. Kibao cha mteremko kilikuwa kimegeuzwa, kimesimamishwa ukutani. Kishindo hakukitazama.

"Umekula, baba?"

"Mama yako alikuwa anasikiliza kipindi?"

"Kipindi gani?"

"Changu."

"Kila Jumamosi," alisema binti. "Hata mtu akifiwa jirani, anakwenda baada ya kipindi. Si ulikuwemo wewe? Akisikia bati tu, anasema, huyo, mume wangu huyo."

Kishindo alikaa kwenye kigoda. Hilo hakuwahi kuambiwa.

"Na ile ya miguu alisikiliza?"

Binti alikunja gauni. Akalikunjua. Akalikunja tena, vilevile.

"Ile Jumamosi sikuwepo, baba."

"Sikukuuliza kama ulikuwepo."

Nje mtu alikuwa anapiga zulia litoke vumbi, puu, puu, puu.

"Aliisikia," alisema binti. "Alinihadithia yote. Alijua kumwiga Profesa vizuri sana. Akajaza kifua, akasema, asiinue miguu, ainuke yeye! Tukacheka."

"Kumbe alijua."

"Alijua."

"Na ya kitunguu?"

"Baba, yaache haya."

"Na ya kitunguu?"

"Ukitoka, analoweka kitunguu kwenye maji baridi, kama Profesa alivyosema. Ukiwepo, anauma kijiti." Machozi yalikuwa yanamtoka binti, na mdomo wake, wenyewe, ulitaka kucheka. "Siku moja alikisahau mdomoni, akaenda nacho sokoni."

"Ya ndala? Ya miayo?"

"Zote, baba. Miaka yote. Anasikiliza mwanzo mpaka mwisho, anajua ni nini kimesemwa na ni nani kasema. Kisha anazima redio, anakaa, anakungoja. Alikuwa akiniambia, subiri baba yako afike, saa hii anatufundisha ile nusu ya Bwege."

Kishindo alitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya bati, meupe, mengi.

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, baba yako hakukalishwa darasani hata siku moja. Jumamosi anaingia hapa na uso wa mtoto aliyeshinda mtihani. Mimi nimwambie amefeli? Nipate nini?"

"Na miguu?"

Hapo binti aliacha kukunja.

"Ukitoka, anaishusha. Anakaa wima, na mito nyuma, anapumua vizuri kidogo. Akisikia kikohozi chako njiani, anapandisha."

"Mimi sikuwa natoka sana wiki ile ya mwisho."

"Ndiyo, baba."

"Nilikaa naye."

"Ndiyo, baba. Ulikaa naye."

Zulia lilikuwa limemalizika kupigwa. Kishindo alisikia nzi.

"Wewe ulijua. Mbona hukumpeleka?"

Alilisema bila ukali, lakini binti aliinua mkono kama mtu anayejikinga.

"Nilimwambia, mama, twende. Mara tatu nilimwambia. Akasema, nikienda sasa hivi, wale watu watauliza nani kakulaza hivi, na baba yako atasikia mbele za watu. Mwache. Kibao hiki kitamchosha, atakisahau kama alivyosahau ya ndala, nami nitakwenda kimya kimya, kama ninakwenda sokoni. Alidhani ana siku, baba. Na mimi nilidhani. Mama hakuwahi kuugua, ningejuaje?"

Akaja, akapiga magoti mbele ya kigoda, akamshika miguu.

"Alikuwa hakucheki kwa ubaya."

"Najua alivyokuwa akicheka," alisema Kishindo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Kishindo hayakungoja kuzaliwa, yalikuja yamekomaa, yana meno. Kama asingejua mkewe, ingekuwa ni ujinga, na ujinga una msamaha wake, hata mahakamani wanaupunguzia adhabu. Lakini alijua. Alilala pale, kichwa chini, maji yakimpanda kifuani, naye anajua yanakokwenda na dawa yake ni nini, na anamtazama mumewe akilainisha blanketi kwenye kibao. Na anamwambia asante, mwalimu. Alimwambia hivyo. Kishindo alikumbuka hata siku. Angeoa mke mkali, wa kumwambia nyamaza wewe, hujui kitu, leo angekuwa na mke.

Alhamisi hakula. Ijumaa binti alimpikia uji akaunywa kwa kuwa binti alisimama hapo. Alichukua shoka dogo akaingia chumbani, akatoka na kibao, akakaa nacho uani. Binti alimwona kutoka dirishani. Hakukipasua. Alikitazama tu jinsi alivyokipiga randa, kilivyokuwa laini. Ilikuwa kazi nzuri. Hilo ndilo lililomuuma, ilikuwa kazi nzuri.

Jumamosi saa tatu na nusu alifika redioni. Bwege alikuwa nje ya studio, amesimama ukutani, hajanyoa. Alionekana kama mtu ambaye kitanda kimemkataa siku tatu. Alikuwa na watoto wanne, na watu sita walikula kwa kipindi kile, mpaka mfagizi.

"Mzee. Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Alisikia, hakusikia?"

Profesa naye alikuwa ametokeza kichwa kwenye kijumba chake cha kioo. Alikwisha kusimuliwa. Mtu yule mkubwa alikuwa amejikunyata, na sauti yake ya mnada haikujua pa kukaa.

"Kaka," alinong'ona, na mnong'ono wake ulijaza ukumbi, "kama ni sisi, sema."

Kishindo aliwatazama. Ilikuwa rahisi. Angesema hakusikia, wangegawana mzigo watatu, na theluthi moja mtu anaweza kuibeba. Wangekifunga kipindi. Wangekuja nyumbani kumlilia. Angekuwa na watu wa kukaa nao.

"Alisikia," alisema. "Kila neno. Hata wewe Profesa alikuwa anakuiga. Binti anasema alikuiga vizuri."

Profesa alifunika uso kwa mikono. Bwege alishusha pumzi ndefu, akashika ukuta, na rangi ikamrudia usoni. Hakukusudia irudi. Ilirudi.

"Kwa hiyo si kipindi kilichomdanganya."

"Si kipindi."

"Sasa alidanganywa na nani?" aliuliza Bwege. Hakuuliza kwa ubaya. Mdomo wake ulikuwa umezoea kuuliza, miaka kumi na mmoja. Alipoona alichouliza alirudi nyuma hatua moja. "Nisamehe, mzee. Sikumaanisha."

"Hakudanganywa na mtu," alisema Kishindo. "Alinihurumia."

Fundi mitambo alichungulia, akaonyesha saa. Dakika tano.

"Utaingia?" aliuliza Bwege taratibu. "Leo tuna birika la chai. Mbona birika linapiga mluzi. Ni mluzi tu na kifuniko kinachogonga. Ukiona huwezi, hatutakulaumu."

"Siwezi."

"Basi nenda ukapumzike, baba. Nasi tutajua la kufanya."

Kishindo alitoka. Hakuwa na pa kwenda. Nyumbani palikuwa na nguo zilizokunjwa. Alifika getini, mlinzi akasogea kwenye benchi lake, akampa nafasi, naye akakaa. Juu ya dirisha la kibanda kulikuwa na redio ndogo, imefungwa kwa waya.

Saa nne ikagonga. Muziki wa kipindi ukaanza. Kishindo alikuwa hajawahi kuusikia unavyosikika nje, mwembamba, kama unatoka kwenye kopo.

"Profesa," ilisema sauti ya Bwege, "mimi birika langu nimelipeleka kwa mganga wa meno." Na yeye mwenyewe kwa mdomo wake akapiga mluzi wa birika, mrefu, mbaya, ukakatika katikati, akakohoa. Akagonga kifuniko kwa ulimi. Ilikuwa vibaya kabisa. Mlinzi alicheka akapiga paja.

"Leo wanafanya kwa mdomo! Mzee, hukuwapa vyombo?"

"Sikuwapa."

"Heri wewe uwe likizo kila wiki. Inachekesha zaidi hivi."

Bwege alieleza kwamba maji yakichemka yanamwita mama yao aliyebaki mtoni. Sauti yake ilikuwa imara, ya kazi, kama ya mtu aliyelala usingizi wake wote. Kisha Profesa akaingia. Mwanzo alikwama. Halafu koo likafunguka, akamkemea Bwege, akaeleza habari ya mvuke, jinsi unavyobanwa kwenye tundu dogo mpaka unalia. Alieleza vizuri. Mtu asiyejua a wala be angeelewa. Kishindo alielewa.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Alikaa, kama mkewe alivyokaa Jumamosi nyingi mno, na nusu ya kwanza ikaja, na nusu ya pili ikaja nyuma yake, ikairekebisha. Hakuna kilichofichwa. Mlango mzima ulikuwa wazi kwa kila mwenye redio. Sasa, alijua, mkewe angenyoosha mkono azime. Angekaa. Angesikiliza barabarani.

Mlinzi alifuta macho kwa kofia.

"Huyu Bwege," alisema, "Mungu anamwona. Hivi mzee, wewe unayekaa naye, kweli kuna mtu duniani anaweza kuyaamini yale?"

"Yupo," alisema Kishindo.

Mlinzi alimgeukia, akamwona hajacheka hata kidogo, na hilo likamchekesha mpaka akainama, akishika benchi, akisema, mzee, mzee wewe, na hao wa ndani wanakunyima maikrofoni bure, mchekeshaji mwenyewe ni wewe.